Uzi Uliokatika: Ushanga, Hirizi na Haki ya Kusoma Kilichofungwa

1.0 Utangulizi

Turbo ni mji mdogo ulioko kaskazini-magharibi mwa Eldoret, kwenye barabara kuu iendayo Webuye na hatimaye Malaba. Umezungukwa na mashamba ya mahindi ya Uasin Gishu. Kusini kuna miinuko ya Nandi, na mwendo mfupi kuelekea magharibi huanza nchi ya Wakabras na Wabukusu. Katika nyanda hizi za juu yametapakaa mashimo mapana yenye umbo la sinia ambayo hujulikana kama mashimo ya Sirikwa, jina la watu wanaosimuliwa kuwa walikaa huku kabla ya wote wanaojulikana leo.

Na ichukuliwe kwamba mkulima mmoja wa Turbo, alimapo kandokando ya shimo la namna hiyo, jembe lake linafukua shanga chache za kioo, na karibu nazo kijaluba kidogo cha fedha kilichozibwa pande zote, mfano wa vile ambavyo watu wa pwani walitilia hirizi. Tukio hili ni la kubuni, lakini haliko mbali na yanayowezekana. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya Waswahili ilikatiza nyanda za juu ikielekea Kwa Mumia, yaani Mumias ya leo, na wapagazi wake walibeba shanga mizigo kwa mizigo.

Mkulima huyu afanye nini? Mfanyabiashara atamwambia kwamba kilichookotwa ni mali ya aliyekiokota. Sheria itamwambia kwamba ni mali ya serikali. Mtaalamu atamwambia kwamba kitu kisichofunguliwa hakiwezi kufundisha. Na bibi kizee wa jirani atamwambia akifukie palepale alipokitoa, asiulize zaidi. Kila mmoja wa hawa wanne ana hoja, na hakuna hata mmoja anayeweza kupuuzwa kwa urahisi.

Huenda ikaulizwa uhakiki wa fasihi unahusika vipi na kijaluba cha fedha. Unahusika kwa sababu mhakiki naye ni mfunguaji. Kazi yake ya kila siku ni kuchukua kilichofumbwa na mtu mwingine, aghalabu marehemu, na kukifumbua mbele ya hadhara. Ni nadra kwake kujiuliza kama aliyefumba alitaka kufumbuliwa. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo la kimaadili: je, aliye hai ana haki gani juu ya kitu kilichofungwa na aliyekufa? Hoja itakayotetewa ni kwamba maana ya ushanga na ya hirizi haikai ndani ya vitu hivyo, bali katika uzi, yaani katika uhusiano uliowaunganisha watu waliovitoa, waliovipokea na waliovivaa. Asomaye bila kuutafuta uzi huo hukosea mara mbili: hukosea maana, na huwakosea watu.

2.0 Mwaka wa 1492 na Mwaka wa 1895

Katika makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani, shanga na hirizi za Wamaya, za Wainka na za jamii nyinginezo nyingi hupangwa chini ya jina moja, kwamba ni vitu vya kabla ya Columbus. Jina hili linafaa kwa kazi ya kupanga makabati, lakini lina kasoro kubwa. Linawakusanya watu wa maelfu ya miaka, ambao wengi wao hawakujuana kamwe, kwa kigezo cha mgeni ambaye hawakumwona. Mtu anaitwa kwa jina la aliyekuja baada yake.

Inafaa kukumbuka kwamba mgeni huyo naye alikuja na shanga. Shajara ya safari yake inaeleza kwamba siku aliyotua, tarehe 12 Oktoba 1492, aliwagawia wenyeji kofia nyekundu na shanga za kioo pamoja na vikorokoro vingine vya thamani ndogo. Ushanga ulikuwa, kwa hiyo, miongoni mwa vitu vya kwanza kupita kutoka mkono hadi mkono kati ya pande hizo mbili, na aliyeutoa aliuona kuwa kitu duni. Waliopokea walitoka katika bara ambalo kwalo ushanga ungeweza kuwa na uzito mwingine kabisa. Kaburi la Pakal, mfalme wa Palenque aliyefariki mwaka 683, lilipofunguliwa mwaka 1952, marehemu alikutwa na ushanga wa jiwe la kijani umetiwa kinywani. Kwa Wamaya jiwe lile lilithaminiwa kuliko dhahabu. Ushanga ule haukuwekwa pale ili utazamwe na mtu. Ulifungiwa pamoja na kinywa, chini ya kifuniko cha jiwe, ndani ya hekalu ambalo ngazi zake zilizibwa kwa kifusi. Ni vigumu kubuni ishara iliyo wazi zaidi ya kutotaka kufunguliwa.

Kenya nayo ina mwaka wake wa 1492. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inapofafanua kitu cha kale inakitaja kuwa kitu kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Mwaka 1895 ndio mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. Hivyo basi ukale wa Mkenya nao hupimwa kwa kuingia kwa mgeni: ushanga uliotungwa mwaka 1894 ni wa kale, na ule uliotungwa miaka miwili baadaye, na mikono ileile, kwa uzi uleule, si wa kale.

Lakini liko jambo jingine katika fasili hiyo ambalo mwanafasihi hawezi kulipita. Fasili inatenga kitu na hati. Hirizi ni nini kati ya hivyo viwili? Nje ni ngozi au fedha. Ndani ni karatasi iliyoandikwa. Ikiwa imefungwa ni kitu. Ikifunguliwa huwa hati. Hapa si mahali pa kuamua jambo la kisheria. Inatosha kuonyesha kwamba hirizi imesimama juu ya mpaka ambao elimu ya kisasa imeuchora kati ya kinachotazamwa na kinachosomwa, nayo inakataa kuhamia upande wowote.

3.0 Ushanga kama Ushahidi wa Uhusiano

Ushanga ni miongoni mwa mapambo ya kale zaidi yanayojulikana, na Afrika Mashariki ina mifano yake mashuhuri. Katika pango la Enkapune ya Muto, upande wa Mau magharibi ya Naivasha, zilipatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni ambazo umri wake umekadiriwa kuwa miaka ipatayo 40,000. Uchunguzi uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2021 ulilinganisha shanga zaidi ya 1,500 za aina hiyo kutoka sehemu 31 za mashariki na kusini mwa Afrika. Ilionekana kwamba, kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, watu wa pande hizo mbili walitengeneza shanga za mtindo mmoja ingawa waliachana kwa maelfu ya kilomita. Hawakuacha maandishi wala majina, lakini waliacha dalili kwamba walikuwa na mawasiliano.

Karibu zaidi na Turbo ni pango la Mto Njoro, lililochimbwa na Mary Leakey na mumewe Louis mwaka 1938. Humo walikutwa watu karibu 80 waliochomwa na kuzikwa yapata miaka 3,000 iliyopita, kila mmoja na bakuli lake la mawe na jiwe lake la kusagia, pamoja na shanga za mawe ya rangi, za mifupa na za mbegu. Mfano wa Lothagam, karibu na Ziwa Turkana, unasema mengi zaidi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wafugaji wa miaka 5,000 iliyopita walijenga huko mahali pa maziko ya watu wanaokadiriwa kuwa 580 au zaidi. Waliozikwa walikuwa wanaume, wanawake na watoto, wa umri wote, na karibu kila mmoja alikuwa na mapambo. Hakukuwa na dalili kwamba shanga zilitengwa kwa ajili ya wakubwa. Kwa mara nyingine wachimbaji walilazimika kukumbuka kwamba jengo kubwa si lazima liwe la mtawala mkubwa.

Katika karne za baadaye zilikuja akiki kutoka Khambhat huko Gujarati, kisha shanga za kioo kutoka Bara Hindi, na baadaye sana kutoka Venice. Pwani ilizipokea na kuzisukuma bara. Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871 alitambua haraka kwamba ushanga si fedha ya kawaida: rangi iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya pili, na msafara uliokosea rangi ungeweza kufa njaa huku umebeba mali. Wageni waliliona jambo hili kuwa ukaidi wa wenyeji. Lakini ni wazi kwamba lilikuwa sarufi. Mpokeaji hakuuliza tu ushanga una thamani gani. Aliuliza ungeingia katika uzi gani, ukae baina ya shanga zipi, uvaliwe na nani na siku gani. Neno peke yake halijawa sentensi, na ushanga peke yake haujawa pambo.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi tofauti hizi. Ushanga ni jina la jumla, lakini utunda, ule wa kuvaliwa kiunoni chini ya nguo, ni kitu kingine. Unapovaliwa, aghalabu hausemi na hadhara bali na mtu mmoja tu. Mtu akiutoa utunda wa marehemu na kuutundika kwenye kabati la kioo, hajaharibu hata chembe moja yake, nao bado ni shanga zilezile. Hata hivyo umekwisha kusemwa hadharani jambo lililokuwa la faragha, na hakuna aliyeulizwa. Madhara ya kimaadili yanaweza kutendeka, basi, bila kitu chenyewe kupata hata mkwaruzo.

4.0 Hirizi kama Matini Isiyosomwa

Iwapo ushanga kwa kawaida huelekea macho ya watu, hirizi huyapa kisogo. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, katika shina lenye maana ya kulinda na kuhifadhi. Mwenzake talasimu amesafiri mbali zaidi: ametoka katika Kiyunani, akapita katika Kiarabu hadi Kiswahili, na kutoka hukohuko akaingia katika lugha za Ulaya. Watu waliocheka hirizi za wenzao wametumia, bila kujua, neno la safari ileile.

Muundo wa hirizi unajulikana. Mwalimu huandika, hukunja, hushona ndani ya ngozi au huziba ndani ya chuma, kisha huifunga shingoni, mkononi au kiunoni mwa mvaaji. Uhalali wake umebishaniwa na maulamaa kwa karne nyingi, na mjadala huo una watu wake. Kwa mhakiki jambo la kuzingatia ni kwamba hapa pana matini iliyotungwa kwa uangalifu, kwa hati nzuri, ili isisomwe. Mara nyingi mvaaji hajui kusoma, na akijua hajaribu. Akiifungua, kazi yake imekwisha.

Nadharia za uhakiki zilizotawala vyuo vikuu tangu miaka ya 1970, na hasa nadharia ya upokezi, zimefundisha kwamba matini hukamilika pale inaposomwa, na kwamba bila msomaji kuna wino tu. Hirizi ni pingamizi kwa mafundisho hayo, maana yenyewe hukamilika pale inapofungwa. Kombe linalipeleka jambo hili mbele zaidi. Maandishi huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, huoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa hunywa. Matini imefutika kabisa, na kwa imani ya wanaohusika ndipo ilipoanza kufanya kazi. Kitendo cha kusoma kimehamishwa kutoka macho hadi mwili mzima.

Atakayeivunja hirizi ili aijue siri yake huenda asikute siri yoyote. Mara nyingi atakuta Ayatul Kursi, ambayo mtoto wa chuoni anaijua kwa moyo, au majina na miraba ya tarakimu ambayo imenakiliwa vitabuni. Kilichokuwa cha pekee si maneno. Kilikuwa ni kwamba mtu fulani, kwa ajili ya mtu fulani, usiku wa homa fulani au asubuhi ya safari fulani, aliyachukua maneno ya wote akayafunga yawe ya mmoja. Hilo haliandikwi, na kwa hiyo halisomeki. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kuuvunja mtungi hakumpi mtu ujuzi wa kata.

Fasihi ya Kiswahili ililifikiria swali hili mapema. Katika kisa cha Fumo Liyongo, kilichotungwa kuwa utendi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa ana siri moja ya mwili wake: hawezi kuuawa ila kwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Adui zake hawaipati siri hiyo kwa nguvu. Wanamtuma mwanawe. Mtoto anauliza na baba anajibu, ingawa anashuku anakotoka mwulizaji. Wahakiki wamelizungumza sana suala la usaliti katika kisa hiki, na ni sawa. Lakini kiko pia kisa cha usomaji ndani yake. Mwana ni msomaji aliyepewa ufunguo kwa sababu ya uhusiano, naye akautumia ufunguo dhidi ya uhusiano uliompatia. Alikuwa na maana sahihi kabisa, na usahihi huo haumwondolei lawama. Liyongo hakuuawa na uongo. Aliuawa na ukweli uliofika mkononi mwa mtu asiyestahili kuubeba.

Hili ndilo somo ambalo mhakiki, mwanaakiolojia na msimamizi wa makumbusho wanalihitaji kwa pamoja. Elimu haijawa halali kwa sababu tu ni ya kweli. Lazima iulizwe pia imepitia mlango gani.

5.0 Uzi na Fundo

Historia ya karibu na Turbo ina mfano mzito. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la mapatano. Fimbo zake zilichukuliwa kutoka kwenye maiti zikapelekwa Uingereza. Zilirudishwa mwaka 2006, na zimewekwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake huko Nandi Hills.

Fimbo si ushanga wala si hirizi, lakini katika mkono wa Orkoiyot zilifanya kazi iliyo karibu na ya hirizi, kwamba zilibeba mamlaka yasiyotenganishwa na mwenye kuzishika. Kwa miaka 101 zilikuwa kumbukumbu ya familia moja ngeni. Kurudi kwake kulikuwa haki, na hakuna hoja ya kuwapinga waliopigania jambo hilo. Swali linalobaki ni la uzi. Fimbo zilitoka mkononi mwa mtu zikarudi ndani ya kabati la kioo. Mtoto wa shule anayezitazama leo anapata fundisho la thamani, lakini anatazama kitu ambacho zamani hakikuwa cha kutazamwa na kila mtu. Marejesho yamefunga fundo moja, na fundo jingine limeachwa wazi, si kwa uovu wa mtu bali kwa sababu waliojua namna ya kulifunga waliondoka bila warithi wa kazi hiyo.

Mfano wa vigango vya Wamijikenda unalionyesha jambo hilo kwa upande wa pili. Kigango husimamishwa kwa ajili ya marehemu mahususi, mahali mahususi, na hakitakiwi kuondolewa. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo kama sanaa. Vigango viwili vya boma moja vilivyopotea mwaka 1985 vilitambuliwa baadaye katika makumbusho ya Marekani kwa sababu mtafiti alikuwa amempiga picha mwenye boma akiwa navyo, na cha kwanza kikarudi kwa jamaa yake mwaka 2007. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30. Tofauti ya visa hivi viwili ni kubwa. Katika cha kwanza kulikuwa na picha, jina na nyumba. Kigango kilirudi kwa mtu. Pasipo taarifa za namna hiyo kigango hurudi kwa taifa, na taifa haliwezi kuota ndoto za marehemu wala kutoa sadaka yake. Wezi hawakuiba mti tu. Waliiba jibu la swali "huyu ni wa nani?"

Ndiyo maana kosa kubwa la mchimbaji haramu, hata anapokuwa mkulima maskini anayehitaji karo ya mtoto, si kuchukua ushanga. Kosa ni kuung'oa mahali pake bila mtu kuona ulikuwa umelala kando ya nini. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Mnunuzi wa vitu vya kale huvuna, na kinachobaki shimoni hakiwezi tena kuungwa.

6.0 Ushanga wa Turbo ni wa Nani?

Sasa inafaa kumrudia mkulima. Nyanda anazolima zimepita mikono mingi. Masimulizi huanza na Wasirikwa. Jina la Uasin Gishu ni la kundi la Wamaasai walioshika malisho haya kisha wakavunjwa katika vita vya karne ya 19. Wanandi walilisha humo baada yao. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapa Wazayuni pendekezo la kufanya makao katika nyanda hizi, ikizihesabu kuwa tupu au karibu na tupu. Mwaka 1908 walifika Makaburu kwa magari ya ng'ombe. Baada ya uhuru mashamba makubwa yaliuzwa na kugawanywa, wakaja wanunuzi na wafanyakazi kutoka jamii nyingi. Turbo ya leo ni mji wa lugha kadhaa sokoni.

Ni mji pia uliojua maana ya swali "hapa ni pa nani?" Mwishoni mwa Desemba 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi mkuu, Turbo ilikuwa miongoni mwa sehemu za Uasin Gishu zilizoshuhudia mauaji, uchomaji wa nyumba na watu kufukuzwa kwao. Katika mazingira kama hayo ushanga uliofukuliwa si jambo dogo. Yupo atakayeuinua juu na kusema: babu zetu walikuwa hapa kwanza. Ushanga ungegeuzwa kuwa hirizi ya aina mpya, ya kumlinda mwenye shamba na kumtisha jirani, nayo ingekuwa hirizi ya hatari kuliko zote alizowahi kushona mwalimu yeyote.

Kwa hiyo lazima isemwe wazi ushanga unaweza kuthibitisha nini na hauwezi kuthibitisha nini. Unaweza kukanusha dai la utupu. Waliozichora nyanda hizi mwaka 1903 kama nchi isiyo na watu walikosea, na kila shimo la Sirikwa ni shahidi dhidi yao. Lakini hauwezi kuthibitisha dai la upekee. Ushanga wa kioo uliokutwa Turbo haukutengenezwa Turbo. Ulivuka bahari, ukashuka pwani, ukapita mikononi mwa watu wa lugha nyingi, na kila mmoja wao alimpokea mgeni ili aupate. Mtu anayeutumia ushanga huo kumfukuza mgeni anatumia ushahidi wa ukarimu kutetea ubahili. Ushanga ni hati ya uhusiano, si hati ya milki.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba heshima ya namna hii kwa vilivyofungwa ingezuia elimu. Bila kuchimba, mashimo ya Sirikwa yenyewe yangebaki yakisomwa vibaya. Kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa nyumba za watu waliokaa mashimoni, mpaka kazi ya Sutton, iliyochapishwa mwaka 1973, ikaonyesha kwamba yalikuwa mazizi, na nyumba zilijengwa pembeni. Pingamizi hili ni la kweli, nalo linaitia nguvu hoja ya makala haya. Sutton hakupata jibu kwa kung'oa vitu. Alilipata kwa kutazama kilichounganika na kingine: zizi na nyumba, mlango na mteremko, lundo la samadi na njia ya ng'ombe. Alisoma uzi. Vivyo hivyo Lothagam: shanga zilisema juu ya usawa kwa sababu zilitazamwa zikiwa juu ya miili ya watu wote, si zikiwa ndani ya kisanduku cha mnunuzi.

Pingamizi la pili ni la kisasa zaidi. Leo picha za eksirei zinaweza kuonyesha kilichomo ndani ya kijaluba bila kukivunja. Je, kuchungulia si kufungua? Jibu la haraka ni kwamba hakuna kilichoharibika. Lakini mfano wa utunda umeonyesha tayari kwamba dhara si lazima liwe la kitu. Kilichofungwa kilifungwa dhidi ya macho, si dhidi ya nyundo. Mashine haiondoi wajibu wa kuomba ruhusa; inaondoa tu kelele ambayo zamani ilimwamsha jirani.

Yafuatayo basi ndiyo yanayompasa mkulima, na pamoja naye wasomi watakaomfikia. Asing'oe zaidi, aache shimo lilivyo na atoe habari, kwa maana mahali ni nusu ya maana. Shanga zisomwe kwa uwazi, na matokeo yasomwe Turbo kabla ya kusomwa ng'ambo, mbele ya jamii zote zinazokaa hapo, si mbele ya moja. Kijaluba kihifadhiwe kikiwa kimefungwa, na maandishi yaliyo karibu nacho yaseme kwamba kimefungwa kwa makusudi. Iwapo siku moja watatokea watu wenye uzi wa kukifikia, wataamua wao. Iwapo hawatatokea, kufungwa kwake kutakuwa ndiyo maana yake iliyobaki.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameanza na vitu viwili vidogo na yamefikia suala la ardhi na la damu. Mruko huo si wa kubuni. Vitu vidogo vya wafu huingia katika ugomvi wa walio hai kila mara wanapokosa msomaji mwenye subira. Imeonyeshwa kwamba kugawanya wakati kwa mwaka wa kuingia mgeni, uwe 1492 au 1895, kunaficha nyuzi zilizowaunganisha watu kabla na baada ya mwaka huo. Kwamba ushanga hushuhudia uhusiano. Na kwamba hirizi ni matini iliyokamilika kwa kutosomwa, inayomkumbusha mhakiki kwamba uwezo wa kufungua haumpi haki ya kufungua.

Kazi kubwa bado iko mbele. Majina ya shanga, ya mapambo na ya kinga katika Kinandi, Kikabras, Kibukusu na lugha jirani yanastahili kukusanywa na kulinganishwa na yale ya Kiswahili, kwa maana katika majina hayo huenda zikaonekana njia ambazo shanga zenyewe zilipitia. Wazee wanaoyajua si wengi, nao si wote watakaokubali kuyasema. Mtafiti atakayekwenda kuwauliza afike akijua kwamba baadhi ya majibu atapewa, na mengine atanyimwa, na kwamba kunyimwa nako ni jibu la kuandikwa kwa heshima ileile.